Asilimia 114 ya Nini?

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa fizikia mbele ya walimu wa shule za sekondari na maofisa wa wilaya waliokutana kuzungumzia umeme wa jua mashuleni.)



Niliombwa nizungumze juu ya elimu mpya ya umeme wa jua, na hasa juu ya vitu viitwavyo nukta za kwanta. Kabla ya kuingia katika elimu yenyewe, naomba niwaeleze kisa kilichonifanya niukubali mwaliko huu bila kusita.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi, alinijia akiwa na karatasi ya mfanyabiashara. Wazazi walikuwa wamekwisha kuchanga fedha za kununulia paneli za sola kwa ajili ya mabweni na maabara, na fedha hizo zilikuwa benki zikingoja sahihi yake. Karatasi ile ilisema kwamba paneli zinazouzwa zimetengenezwa kwa nukta za kwanta, na kwamba wanasayansi wa Marekani wamethibitisha kuwa ufanisi wake ni asilimia 114. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya paneli za kawaida. Rafiki yangu si mwalimu wa sayansi. Yeye hufundisha historia. Lakini aliniuliza swali ambalo wengi wetu tuliosoma sayansi tungesahau kuliuliza: "Mwalimu, asilimia 114 ya nini?"

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kwangu kumjibu kwamba tarakimu ile ni ya uongo, na shauri lingekwisha pale pale. Lakini haikuwa ya uongo. Mwezi Desemba 2011 watafiti wa Golden, Colorado, katika maabara iliyojulikana wakati ule kama Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani, walitangaza katika jarida la Science kwamba seli yao ya jua, iliyotengenezwa kwa nukta za kwanta, ilifikia asilimia 114 ya kipimo fulani. Mfanyabiashara hakuibuni tarakimu ile. Aliitoa mahali pake akaipachika mahali pasipo pake. Kwa kuwa sisi tuliomo humu ndio tunaotia sahihi hati za manunuzi, na ndio tunaoulizwa na wanafunzi, hapana budi tujue mahali pake ni wapi.

Seli ya jua iliyozoeleka ni kipande chembamba cha silikoni, ambayo hutokana na mchanga wa aina ya kwatzi. Mwanga wa jua huja kwa vifungu vidogo vidogo viitwavyo fotoni, na kila fotoni hubeba kiasi maalumu cha nishati kulingana na rangi yake. Fotoni ya zambarau hubeba nishati nyingi, fotoni nyekundu hubeba pungufu, na ile ya miali isiyoonekana kwa macho iliyo ng'ambo ya nyekundu, yaani infraredi, hubeba pungufu zaidi. Ndani ya silikoni elektroni zimefungwa mahali pake. Ili elektroni moja ifunguke na iweze kutembea katika waya, ni lazima ipewe nishati isiyopungua kiwango fulani, nacho huitwa pengo la nishati.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi wafikirie daladala. Tuseme kipimo cha nishati kiitwacho elektronivolti moja ni sawa na shilingi 1,000. Nauli ya daladala la silikoni ni shilingi 1,100. Abiria mwenye 900 hapandi, hata kama nyuma yake amesimama mwenziwe mwenye 900 nyingine, kwa sababu konda huyu hakubali watu wachangiane. Abiria mwenye 3,000, naye ndiye fotoni ya zambarau, anapanda bila shida. Lakini konda hana chenji wala hataki kusikia habari ya chenji, na zile 1,900 zinapotelea hapo. Katika silikoni chenji hiyo hugeuka kuwa joto kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Tena joto hilo si rafiki: paneli za silikoni hupoteza kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila digrii inayozidi 25, na nyote mnalijua bati la paa saa saba mchana.

Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser waliipiga hesabu ya hasara hizi mbili, ya abiria wanaoachwa kituoni na ya chenji inayopotea. Walionyesha kwamba seli ya kitu kimoja chenye pengo moja, ikiangazwa na jua la kawaida, haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya kiasi cha theluthi moja ya nishati inayoipokea. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iliyoonyeshwa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, ilikuwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi. Paneli nzuri zinazouzwa madukani leo zina asilimia 20 na zaidi kidogo, na seli bora za maabara zimepita 26. Dari imekaribia kuguswa. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kubadili nauli yenyewe, au namna ya kumlazimisha konda aitumie chenji.

Hapo ndipo zinapoingia nukta za kwanta. Nukta ya kwanta ni punje ya fuwele ndogo mno, yenye upana wa nanomita chache tu. Katika milimita moja mna nanomita milioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Katika punje kama hiyo elektroni imebanwa, na elektroni iliyobanwa hutenda kama uzi wa zeze: ukiufupisha uzi, sauti hupanda. Ukiifanya punje iwe ndogo zaidi, pengo la nishati huwa pana zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba kitu chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Atomu ni zile zile na mpangilio wake ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa tu.

Chukueni mfano wa salfaidi ya risasi. Jiwe lake huitwa galena, na tangu zama za kale limekuwa likisagwa na kutumiwa kama wanja. Likiwa jiwe, nauli yake ni shilingi 400 hivi, ambayo ni ndogo mno kwa seli ya jua. Lakini likifanywa punje za nanomita 3 hivi, nauli hupanda hadi karibu shilingi 1,300, kiwango kinacholifaa sana jua letu. Punje kubwa kidogo zina nauli ya chini, na zinaweza kuwapandisha abiria wa infraredi wanaoachwa na silikoni. Wala msidhani kwamba punje hizi ni kitu kigeni duniani. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Ufaransa walichunguza dawa ya kale ya kutia nywele weusi, iliyojulikana kwa Wagiriki na Warumi, ambayo huchanganywa kwa oksaidi ya risasi na chokaa. Waliona kwamba ndani ya unywele huumbika fuwele za salfaidi ya risasi za nanomita 5 hivi. Watu walitembea na nukta hizi kichwani miaka elfu mbili kabla ya mtu yeyote kuzipa jina.

Elimu ya kuzitambua ni ya juzi. Alexei Ekimov, katika Urusi ya wakati ule wa Muungano wa Kisovieti, alizionyesha ndani ya kioo cha rangi mwaka 1981. Louis Brus wa maabara za Bell alizionyesha ndani ya kimiminiko mwaka 1983, baada ya kugundua kwamba mchanganyiko aliouacha mezani ulikuwa umebadilika namna unavyofyonza mwanga, kwa kuwa punje zake zilikuwa zimekua. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake huko Massachusetts walipata njia ya kuzitengeneza zikiwa karibu sawasawa kwa ukubwa. Watu hawa watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023.

Kuwa na nukta peke yake hakutoshi kupata umeme, kwa maana elektroni iliyofunguliwa ndani ya punje iliyojitenga haina pa kwenda. Inahitaji njia. Njia mojawapo ilitoka Lausanne, Uswisi, ambako mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walitangaza seli iliyotengenezwa kwa unga laini mno wa oksaidi ya titani, ile ile inayoipa weupe rangi ya ukutani. Unga huo ukichomwa polepole hushikana na kuwa kitu mfano wa sponji, chenye vitundu visivyohesabika. Eneo lote la kuta za ndani huwa mamia ya mara ya eneo la uso wa nje. Wao walizipaka kuta hizo rangi ya kufyonza mwanga wakapata ufanisi wa asilimia 7 hivi. Wengine wakajiuliza: kwa nini kuta hizo zisipakwe nukta za kwanta, ambazo rangi yake twaweza kuichagua kwa kuchagua ukubwa? Njia nyingine ni kuzipanga nukta zenyewe tabaka juu ya tabaka mpaka ziwe utando, elektroni ikiruka kutoka punje moja hadi ya pili.

Katika kuruka huko ndiko kazi ilikokuwa ngumu, na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu magazeti hupenda kusifu ugunduzi na kuisahau kazi. Nukta zinazotengenezwa kwa njia ya Bawendi hutoka zikiwa zimevishwa ngozi ya mafuta. Kwa nukta za salfaidi ya risasi ngozi hiyo kwa kawaida ni asidi ya oleiki, ambayo imo kwa wingi katika mafuta ya zeituni na hata katika mawese yetu. Bila ngozi hiyo punje zingegandamana na kuwa donge. Lakini mafuta hayapitishi umeme. Ukizipanga punje zenye ngozi ndefu, kila moja inakuwa kama mtu aliyejifungia nyumbani mwake. Ikikosa ngozi kabisa, nayo ni balaa jingine: punje ni ndogo kiasi kwamba sehemu kubwa ya atomu zake ziko juu usoni, na kila atomu ya usoni iliyokosa mwenza ni shimo la kunasa elektroni. Kwa hiyo ilibidi watafiti wabuni namna ya kuivua ngozi ndefu na papo hapo kuvisha nyingine fupi, kwa mfano ya iodini, inayoziba mashimo bila kuzitenga punje. Maendeleo mengi ya seli hizi ni historia ya kubadilisha ngozi. Mwaka 2012 kikundi cha Chuo Kikuu cha Toronto kilifikia asilimia 7 kwa njia ya namna hiyo. Mwaka 2017 wale wa Golden walifikia 13.4 kwa nukta za dutu nyingine, iitwayo perovskaiti. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilitangaza 16.6, na mwaka 2024 watafiti wa Ulsan, Korea ya Kusini, wakatangaza 18.1.

Hizi ndizo asilimia za kweli za kulinganisha na paneli ya dukani, na mnaona wenyewe kwamba bado ziko chini yake. Tena seli hizo za maabara kwa kawaida ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kutoka ukucha hadi mita mbili za mraba zinazovumilia mvua na jua kwa miaka 25 ni safari ndefu. Nukta za kwanta zimekwisha kuingia sokoni katika televisheni, ambako kazi yake ni kutoa rangi safi. Lakini paneli ya juu ya paa ni kazi nyingine.

Sasa turudi kwenye 114. Katika jaribio la mwaka 2011 nukta zilikuwa za selenaidi ya risasi, na pengo lake lilikuwa kama shilingi 700 kwa nauli ya daladala letu. Watafiti waliziangaza kwa mwanga ulio mpakani mwa zambarau na miali isiyoonekana ya juu yake, ambao kila fotoni yake hubeba kama shilingi 3,200. Wakahesabu: kwa kila fotoni 100 zilizoangukia seli, elektroni 114 zilitoka katika waya. Hili ni jambo kubwa kweli kweli. Lilithibitisha kwamba ndani ya seli inayofanya kazi, konda aliyebanwa katika chumba kidogo anaweza kuitumia chenji ya abiria mmoja kumpandisha abiria wa pili. Mimi nililisoma kwa furaha.

Lakini pigeni hesabu ya fedha. Abiria 100 wenye shilingi 3,200 kila mmoja walikuja na jumla ya shilingi 320,000. Nauli zilizolipwa ni 114 mara 700, yaani shilingi 79,800. Hiyo ni kama robo tu ya fedha iliyofika kituoni, na hasara nyingine hazijahesabiwa bado. Ile 114 ni hesabu ya vichwa, wala si hesabu ya nishati. Zaidi ya hayo, ni ya rangi moja tu, ambayo katika mwanga wa jua ni haba. Ufanisi wa seli nzima chini ya jua ulibaki mdogo, na watafiti wenyewe hawakudai vingine. Hakuna paneli inayoweza kutoa nishati nyingi kuliko inayopokea, na anayeahidi hivyo anauza kitu kingine.

Nilimshauri mwalimu mkuu amwandikie mfanyabiashara na kumwomba jambo moja tu: lebo ya nyuma ya paneli. Lebo ilikuja. Ilisema wati 400, na vipimo vya paneli vilifanya eneo la mita za mraba 2 karibu kamili. Sasa, jua linalotumiwa kupimia paneli viwandani ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo paneli ile ilipokea wati 2,000 na kutoa 400: asilimia 20. Lebo hiyo hiyo, kwa herufi ndogo, ilitaja silikoni. Nukta zilikuwa katika karatasi ya matangazo peke yake. Ofisa yeyote wa manunuzi anaweza kuifanya hesabu hii kwa dakika mbili, na haihitaji shahada.

Yuko atakayeuliza habari ya sumu, na ana haki. Risasi na kadmiamu, ambazo nukta nyingi hutengenezwa kwazo, ni sumu, na risasi huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Lakini hapa pia tuulize ni kiasi gani. Utando wa salfaidi ya risasi wenye unene wa nusu ya elfu moja ya milimita, ambao watosha kwa seli, hauzidi gramu 4 kwa mita ya mraba. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kulihakikisha hili kwa kuwa gramu 7.6 za jiwe hilo hujaza sentimita moja ya ujazo. Betri ya gari iliyokaa sakafuni katika maabara nyingi za shule, ikilisha taa za sola usiku, ina kilo kadhaa za risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopatwa na sumu ya risasi kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu karibu na nyumba zao, walihangaika mahakamani kwa miaka mingi. Mimi sisemi gramu 4 zipuuzwe. Paneli hizo zikija, ni lazima ijulikane tangu mwanzo nani atazichukua zikichakaa, na wako watafiti wanaotengeneza nukta zisizo na risasi wala kadmiamu. Nasema tu kwamba ofisa anayeogopa paneli ya kesho huku betri ya leo imetupwa nyuma ya jiko la shule hajaanzia mahali panapostahili.

Mwalimu mkuu alinunua paneli za kawaida kwa bei ya kawaida, na fedha zilizosalia zikatosha kununua betri bora. Ile karatasi ya mfanyabiashara aliibandika ukutani katika darasa la fizikia. Nilipoitembelea shule hiyo mwaka huu, msichana mmoja wa kidato cha nne alinionyesha hesabu yake pembeni mwa karatasi, kisha akaniuliza: kama nauli ya nukta ni 700, abiria wawili ni 1,400; mwanga wa njano una 2,100; basi kwa nini majaribio yalihitaji zambarau?

Nilimwambia kwamba kwa sheria ya nishati 1,400 zingetosha. Lakini ndani ya nukta chenji hugombewa na wawili, joto na abiria wa pili, na joto lina mbio. Mpaka noti inapokaribia mara tatu ya nauli, abiria wa pili hapati nafasi ya kutosha, na hata baada ya hapo hapandi kila mara. Njia mojawapo inayojaribiwa ni kubadili umbo la punje, ziwe vijiti vyembamba badala ya nukta. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge waliotumia vijiti vya selenaidi ya risasi walipata zaidi ya 120 kwa hesabu ile ile ya vichwa. Basi msishangae karatasi nyingine ikifika ofisini kwenu na tarakimu hiyo.